Mfuko wa Kulia, Mfuko wa Kushoto

Ya kazi hukaa kulia, ya kwangu kushoto,
na katikati yao zipu iliyokwama tangu Novemba.

Ya kazi ni mali ya manispaa ya Oulu:
nyeusi, nene, imevishwa mpira kama buti la shambani,
nambari ya mali imegongwa mgongoni.
Ikianguka kwenye barafu, huumia barafu.
Haichagui kidole; hata glavu ikiigusa, inaitika.

Ya kwangu niliichukua kwa mkopo wa miezi ishirini na minne.
Imebaki saba, na ufa umenitangulia,
kutoka pembe ya juu hadi kwenye paji la uso la mwanangu Aatu
anayecheka pale kiooni bila habari.
Nyembamba, ya kuringa.
Baridi ikikaza
huzimika na asilimia arobaini kinywani,
kama mgeni anayeaga chakula kikiwa mezani.

Kamera, basi. Ya kazi ilizaliwa kupiga vidonda:
huona wekundu, huona usaha, hupima upana.
Ukiielekeza angani usiku mianga ya kijani inapocheza,
hukuletea kiza chenye chengachenga,
uji uliomwagikiwa mchanga.
Ya kwangu huuona ukijani,
na huongeza mwingine ambao haukuwepo.
Sijui kati yao ipi mwongo.

Mlio. Ya kazi ina mmoja kwa kila jambo:
Bibi Helka ameanguka, Bibi Helka ameamka,
zamu ya Jumapili haina mtu.
Ya kwangu ina sita. Ule wa Jarmo, tulioachana naye,
bado ni kinanda.
Nimesahau kuubadilisha.
Nasema nimesahau.

Jumatatu Päivikki, msimamizi wetu, alitukalisha:
kuanzia Machi kila muuguzi simu moja.
Ama utie kazi ndani ya yako, ulipwe yuro kumi na mbili kwa mwezi,
ama utie maisha yako ndani ya hii ya ofisi.
Mshika mbili moja humponyoka, najua,
lakini hakuna aliyewahi kuniambia ni ipi.

Alhamisi umeme ulikatika Sanginsuu,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nami nimepiga magoti mbele ya mguu wa Bwana Taavetti
bendeji imefunguliwa nusu.
Ya kazi niliiuma kwa meno, tochi ikamulika kidonda
bila kupepesa, saa nzima ingeweza.
Mzee akasema: Nipigie dada yangu, Umeå,
atakuwa amesikia redioni, atadhani nimeganda.
Nikajaribu. Ya kazi ikajibu kwa adabu
kwamba nambari hiyo haimo kwenye orodha.
Ya kwangu ilikwisha kufa tangu kwenye gari.

Nikaisukuma chini ya sweta, chini ya fulana,
nikaibana kwapani kama kipimajoto,
ubaridi wake ukanipenya hadi ubavuni,
nikaendelea kufunga bendeji kwa mkono mmoja na nusu
huku nikidondosha mate juu ya mpira wa manispaa.
Taavetti akauliza kama ndivyo inavyochajiwa siku hizi.

Iliamka na asilimia thelathini na nane.
Wakazungumza kuhusu paka, kuhusu kuni,
kuhusu mtu aitwaye Hilja ambaye wote wawili walimchukia,
gharama ni yangu,
dakika kumi na moja.

Nilipofunga mlango ya kazi ilitetemeka:
Ziara imezidi muda. Taja sababu.
Kuanguka. Kutapika. Kifo. Nyinginezo.

Nikabonyeza Nyinginezo. Kikafunguka kisanduku, herufi ishirini tu.
Glavu mkononi, theluji ikiniingia shingoni,
nikaandika: kwapa.